Vidole vilivyokunjika visivutwe hovyo

Mtu akivunjika shingo kwa ajali ya bodaboda au kwa kudondoka mnazini, hapa Dar es Salaam ushauri wa majirani ni uleule wa miaka nenda rudi: mnyoosheni vidole kila siku, visije vikakakamaa. Basi mama anachukua mafuta ya nazi, anakaa mkekani, anavuta kiganja na vidole kwa pamoja mpaka vilale bapa. Anafanya kwa upendo. Namwomba asivute hivyo.

Uti wa mgongo ukiumia shingoni lakini neva ya sita ya shingo ikabaki hai, mgonjwa huweza kuinua kifundo cha mkono ingawa vidole havina nguvu. Jaribu mwenyewe: legeza vidole, kisha inua kifundo. Vidole vinajikunja vyenyewe, dole gumba linakisogelea kidole cha shahada. Shusha kifundo, vinafunguka. Ni kano tu, zile kamba zinazounganisha misuli na mifupa, zinazovutwa. Kwa mbano huo mdogo mtu anashika kijiko, mswaki, hata simu, na kwangu hilo ni jambo kubwa mno kulipoteza. Kano zikirefushwa kila asubuhi, mbano unalegea, na kuurudisha ni kazi ngumu.

Mazoezi yasiachwe, la hasha. Vidole vinyooshwe kifundo kikiwa kimeinama chini. Vikunjwe kifundo kikiwa kimeinuliwa. Mtaalamu wa fiziotherapia, kama wale wa MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, atapima kwanza jeraha liko wapi. Mwombe akuonyeshe kwenye mkono wako wewe kabla hujagusa wa mgonjwa.