Uwazi kati ya viongozi wa umoja wa wazazi shuleni: dhana potofu na ukweli wake

Jumatatu moja asubuhi, nikiwa katibu wa umoja wa wazazi katika shule ya msingi ya serikali hapa Moshi, nilisimama getini nikawatangazia wazazi waliokuwa wanawaleta watoto kwamba simtanki tulilolichangia limefika, na kwamba ni la lita 2,000 kama tulivyokubaliana mkutanoni. Mama mmoja anayeuza mboga soko la Mbuyuni alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa upole, "Dada katibu, wewe mwenyewe umeliona?" Nilikwenda kuliona. Ubavuni palikuwa pameandikwa 1000 kwa tarakimu kubwa kuliko kiganja changu.

Mwenyekiti na mweka hazina walikuwa wamefika dukani Jumamosi, wakakuta bei imepanda, wakaamua kuchukua la lita 1,000 ili fedha inayobaki itoshe mabomba, koki na msingi wa zege. Uamuzi wenyewe ulikuwa wa busara, risiti zote zilikuwepo, na hakuna shilingi iliyopotea. Lakini hakuna aliyenipigia simu. Kwa wiki tatu zilizofuata habari ya simtanki lililopungua ilizunguka Majengo na Pasua, na wazazi waliokuwa wanaleta mahindi ya uji wa watoto bila kukumbushwa wakaanza kusema watangoja kwanza waone. Tangu hapo nimeamini kwamba imani ya wazazi huharibikia ndani ya uongozi wenyewe, pale viongozi watatu wanapokuwa na habari tatu tofauti juu ya jambo moja, na kwamba baadhi ya dhana tulizozizoea kuhusu uwazi ndizo zinazotuzuia kuliona hilo mapema.

Dhana: uwazi ni kusoma mapato na matumizi mbele ya wazazi

Taarifa ya fedha inayosomwa mwishoni mwa muhula ni ya lazima, ila ni hatua ya mwisho ya kazi ndefu. Kabla haijasomwa, mwenyekiti, katibu na mweka hazina wanapaswa kuwa na picha moja ya nini kiliamuliwa, nani alitumwa, nini kilibadilika njiani na kwa sababu gani. Hesabu yetu ya simtanki ingesomwa siku ile ingekuwa sahihi hadi senti ya mwisho, na bado wazazi wangeondoka na swali lilelile, kwa kuwa hawakuwa wanauliza fedha imekwenda wapi. Walitaka kujua kwa nini kiongozi mmoja anatangaza kitu ambacho wenzake wawili wanajua si kweli.

Dhana: kumuuliza kiongozi mwenzako ni kumtuhumu

Hii ndiyo dhana iliyotugharimu kuliko nyingine zote, na nadhani katika mji kama wetu, ambako mweka hazina mara nyingi huchaguliwa kwa sababu ya umri na heshima yake, ina mizizi mirefu. Mweka hazina wetu alikuwa mzee mstaafu, rika la baba yangu. Siku moja nilimwendea nikamwambia, "Shikamoo baba. Naomba risiti ya mahindi niiingize kwenye daftari." Alinitazama kidogo, akasema, "Kwa hiyo mwanangu, kwa umri huu wote, unaniona mwizi?" Nilikosa la kujibu. Nilifunga kaunta buku, na kwa miezi miwili ukurasa ule ulikuwa na kiasi cha fedha bila namba ya risiti, kwa sababu niliona aibu kuuliza mara ya pili.

Mzee yule hakuwa mwizi. Mahindi alikuwa ameyanunua kwa debe kutoka kwa akina mama wasio na mashine ya risiti, na hakujua afanyeje. Jibu lake ni jepesi na liko katika taratibu za kawaida za vikundi: ukinunua kwa mtu asiyetoa risiti, unaandika hati ya malipo yenye tarehe, jina la muuzaji, kiasi cha bidhaa na fedha, saini yake au dole gumba, na saini ya mtu mliyekwenda naye. Kama tungekuwa na mazoea ya kuulizana, tungelijua hilo katika wiki ya kwanza. Heshima yangu kwake na fahari yake vilituziba midomo wote wawili, na daftari ndilo lililobaki na tundu.

Baadaye tulibadili utaratibu ili risiti isiwe jambo la kuombwa. Kila kikao cha viongozi kilianza kwa mweka hazina kuweka bahasha mezani, katibu akasoma namba na kiasi cha kila risiti kwa sauti, na mwenyekiti akatia saini pembeni mwa mstari. Kwa kuwa inasomwa ya kila mtu, ikiwemo nauli ya mwenyekiti ya kwenda halmashauri, hakuna anayejiona amechomolewa. Mzee mwenyewe ndiye aliyekuja kuupenda utaratibu huo kuliko sisi sote, maana risiti iliyosomwa na kusainiwa inamlinda aliyeshika fedha siku atakapoulizwa na watu ambao hawakuwepo.

Dhana: tunajitolea, kwa hiyo hatudaiwi hesabu

Nimeisikia kauli hii ikisemwa na watu wema kabisa waliochoka, na ninawaelewa. Anayeacha genge lake Kiboriloni ili aje kusimamia mafundi shuleni anatoa kitu kikubwa. Lakini anachojitolea ni muda wake. Fedha na mahindi ni vya wenzake. Wazee wetu mlimani waliusimamia mfereji wa maji bila mshahara, na bado siku ya kwenda kuusafisha ilitangazwa kwa wote, na asiyefika alitozwa faini. Huu pia ndio mji wa ushirika: KNPA, chama cha wakulima wa kahawa, kilianza mwaka 1925 na kurithiwa na chama kikuu cha ushirika cha KNCU, na Chuo cha Ushirika kilifunguliwa hapa mwaka 1963, leo kikiwa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Watu waliokulia katika nyumba zilizosubiri malipo ya kahawa wanajua vizuri kwamba mali bila daftari huisha bila habari, na hawaoni ajabu kumdai hesabu jirani yao.

Dhana: kundi la WhatsApp limechukua nafasi ya kikao

Kundi la simu ni chombo kizuri cha kuitana na kukumbushana. Kama mahali pa kuamulia, lina udhaifu tulioupata kwa uchungu. Katika kundi letu la viongozi na wajumbe tulikuwa tisa. Jambo lilipendekezwa saa tano usiku kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne, watu watatu wakaweka alama ya dole gumba, wengine wakakaa kimya, na asubuhi mwenyekiti akaanza kutekeleza akiamini tumekubaliana. Mweka hazina, ambaye simu yake ni ya kitochi, hakusikia neno hadi alipoombwa atoe fedha. Kimya cha mtu aliyelala hakiwezi kuhesabiwa kuwa ndiyo, na ujumbe wa sauti uliopita kati ya salamu na picha za harusi hautafutiki tena baada ya miezi mitatu.

Muhtasari wa kikao una faida ambayo simu haina: kipengele cha yatokanayo. Kikao kinapofunguliwa, kinarudi kwenye yale yaliyoamuliwa mara ya mwisho, na kila aliyepewa kazi anasema amefikia wapi. Pale ndipo mabadiliko yanapotakiwa kuonekana. Vikao vingi nilivyohudhuria vinaruka sehemu hiyo ili kuwahi ajenda mpya, na hilo ni kosa kubwa, kwa sababu ndiyo sehemu pekee inayowalazimisha viongozi kuoanisha habari zao kabla hawajasimama mbele ya wazazi.

Kwa yale yasiyongoja kikao, kama bei iliyopanda dukani, tulijiwekea kanuni ya mstari mmoja: badiliko lolote la bei, ukubwa, tarehe au muuzaji linafikishwa kwa viongozi wote watatu kwa simu ya kawaida kabla fedha haijalipwa, na linaandikwa kwenye daftari siku hiyohiyo. Kwa vitu vidogo tulikubaliana kiwango ambacho aliyetumwa anaweza kuamua mwenyewe, ili mtu asipige simu kwa ajili ya misumari. Simu ya dakika mbili kutoka dukani Jumamosi ile ingetuepusha na wiki tatu za minong'ono.

Dhana: mwalimu mkuu akijua, kamati imejua

Hapa mkanganyiko unatokana na watu kutotofautisha vyombo. Kamati ya shule ipo kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 na ina wajibu wake katika usimamizi wa shule. Umoja wa wazazi wanaojitolea ni kitu kingine, hata kama watu wawili watatu wamo katika vyote. Fedha nazo ni tofauti. Ruzuku ya uendeshaji kutoka serikalini, ambayo kwa shule za msingi imekokotolewa kwa miaka mingi kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ina taratibu na taarifa zake. Michango ya wazazi ni ya hiari: Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, ulioanza kutekelezwa Januari 2016, ulifuta ada na michango ya lazima, na Januari 2018 Rais John Magufuli akaipiga tena marufuku michango ya kulazimishana katika shule za serikali.

Kwa hiyo mwenyekiti anayezungumza na mwalimu mkuu ofisini, wakakubaliana jambo, anao wajibu wa kulirudisha kwa katibu na mweka hazina kwa maneno yaleyale. Asipofanya hivyo, anamweka mwalimu mkuu pabaya pia, kwa kuwa mzazi atakayesikia nusu ya habari atadhani mwalimu anakusanya michango kinyume cha waraka. Niliwahi kumwona mwalimu mwema akijitetea mbele ya ofisa kwa jambo ambalo ukurasa mmoja wa muhtasari ungelimaliza.

Dhana: uwazi kamili ni kubandika majina ya wasiochangia

Hili nalipinga kwa nguvu zangu zote. Orodha iliyobandikwa mlangoni au kutumwa kwenye kundi inasomwa na watoto, na mtoto ambaye jina la mama yake lipo mwishoni anaisoma kabla ya mama yake. Mchango ni wa hiari, hivyo asiyechangia hana deni la kutangazwa. Zaidi ya hayo, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inayotaka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi linaloeleweka na zitumike kwa kusudi hilo. Namba za simu na majina tuliyopewa ili kuwaita watu mkutanoni hatukupewa ili kuwaaibisha. Kinachopaswa kuwa wazi kwa kila mzazi ni jumla iliyopatikana, kilichonunuliwa na kilichobaki. Nani alitoa ngapi kinabaki kwenye daftari, na anayetaka kuhakiki mstari wake anaonyeshwa mstari wake.

Dhana: viongozi wakitofautiana, wazazi wasijue

Wazazi hujua tu. Hujua kwa jinsi viongozi wanavyosalimiana getini. Muhtasari unaoandika kwamba mjumbe fulani hakuafiki, kwa sababu fulani, na kwamba baada ya majadiliano wengi walikubaliana hivi, unampa hata aliyeshindwa nafasi ya kuutetea uamuzi bila kusema uongo.

Kikao chetu kilichofuata baada ya sakata la simtanki kilifanyika darasani, tumekaa kwenye madawati ya watoto. Mwenyekiti aliomba suala hilo liandikwe lote: bei iliyokutwa dukani, sababu ya kupunguza ukubwa, gharama ya mabomba na zege, na sentensi inayosema kwamba katibu hakuarifiwa. Nilisita kuiandika sentensi hiyo mbele yake. "Andika, mama," alisema, "wazazi waikute hapo." Alisaini yeye kwanza, kisha mzee wetu akavaa miwani, akaisoma taratibu kutoka juu hadi chini, naye akasaini.