Skrini ya kulogini haionekani? Usikimbilie kuipiga mashine upya

"Assalaam alaykum kaka, samahani nakusumbua saa hizi, lakini mie nishachoka na hii mashine." Ndo alivyoanza kijana mmoja wa Chake Chake aliyenipigia juzi baada ya Isha. Ofisini kwao wanachora ramani, wameletewa kompyuta mpya ile kubwa ya kazi, wakaipiga Ubuntu 24.04, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta, ikamaliza vizuri tu, ikajizima ikajiwasha, na hapo ndo basi. Kioo kitupu, kina rangi tu ya nyuma, jina huoni wala pahala pa kuandika paswedi hapana. Kaipiga upya, vile vile. Akahisi labda flashi mbovu, akalishusha faili zima tena, na lile faili linakaribia GB 6, bando lote likaishia hapo, akapiga mara ya tatu na kioo bado kitupu.

Hili jambo linaniuma kwa kweli, maana naliona kila mara. Watu wanadhani skrini ya kulogini isipotokea basi mashine nzima haikukaa sawa. Ile skrini inachorwa na programu moja tu, kwenye Ubuntu inaitwa GDM, na inakuja mwisho kabisa, baada ya keneli, yaani kiini cha mfumo, kuamka, diski kusomwa na huduma nyengine kuwashwa. Kwa hiyo kabla ya kugusa flashi tafuta kwanza ni wapi palipokatika.

Nikamuuliza, mshale wa mausi unauona? Akanambia, "Nauona kaka, unacheza, lakini nikiusogeza sana kulia unapotea, hadi niurudishe." Hapo hapo nikakaa vizuri kitandani, maana mshale hautoki nje ya kioo kama hauna pa kwenda.

Nikamwambia abonyeze Ctrl+Alt+F3. Hii kila mtu aishike, inakutoa kwenye picha inakupeleka kwenye maandishi matupu, unaandika jina na paswedi yako unaingia, na ukitaka kurudi kwenye logini ya picha ni Ctrl+Alt+F1. Akaingia. Kwa hiyo mashine ni nzima, neno la siri linakubali. Tukaandika systemctl status gdm, ikajibu active (running). Sasa jee, programu inayochora skrini iko hai na haina kosa lolote, basi inachora wapi?

Nikampa amri hii: grep . /sys/class/drm/card*-*/status. Inakutajia kila tundu la kioo lililoko kwenye kadi ya grafiki na kama kuna kitu kimechomekwa. Akanisomea moja moja, connected, disconnected, disconnected, connected.

"Mdogo wangu, una vioo vingapi?"

"Kimoja tu kaka."

"Na nyuma ya mashine mna waya ngapi za kioo?"

Kimya. Nikasikia kiti kinakokotwa, tochi ya simu labda, halafu akasema taratibu, "Kuna waya mwengine wa HDMI, unaingia ukutani."

Ule waya unakwenda chumba cha mkutano, kwenye TV. TV imezimwa kwa rimoti lakini iko kwenye umeme, na TV nyingi zikiwa hivyo bado zinaijibu kompyuta zikiulizwa wewe nani. GDM ikaona vioo viwili, ikaichagua TV iwe kioo kikuu, na boksi la paswedi inaliweka kwenye kioo kikuu peke yake. Muda wote huo lilikuwa linamngoja chumba cha pili.

Kutibu ni kazi ndogo. Alichomoa HDMI, boksi likamjia mbele yake, akaingia. Akachomeka tena, akaenda kwenye Settings, Displays, akakifanya kioo cha mezani ndo kikuu akahifadhi. Lakini hapo wengi ndo wanaposhindwa, kwa sababu mpangilio ule ni wako wewe ukishaingia, GDM haiujui. Lazima uinakilie: sudo cp ~/.config/monitors.xml /var/lib/gdm3/.config/ halafu sudo chown gdm:gdm /var/lib/gdm3/.config/monitors.xml, zima washa. Kama folda ile haipo iunde kwanza kwa sudo mkdir -p /var/lib/gdm3/.config.

Bila shaka si kila kioo kitupu ni TV. Kama gdm imeandika failed, soma journalctl -b -u gdm na uangalie df -h, diski ikijaa pomoni nayo inazuia logini. Kama systemctl get-default inajibu multi-user.target, mashine imeambiwa iishie kwenye maandishi, iandikie sudo systemctl set-default graphical.target. Na kama ni cheusi kabisa hata Ctrl+Alt+F3 haifui dafu, hapo mshuku draiva ya grafiki, yaani programu inayoiendesha ile kadi: kwenye menyu ya GRUB, ile ya mwanzo kabla mfumo haujaamka, bonyeza e, mwisho wa mstari unaoanza na linux ongeza nomodeset, halafu F10. Hiyo inafanya kazi mara moja tu, inakupa nafasi ya kuingia uweke draiva ya sawa. Na kabla ya yote hayo tazama waya wa kioo umechomekwa kwenye kadi yenyewe, sio tundu la ubao mama.

Saa tano kasoro akanitumia picha, boksi liko katikati ya kioo na jina lake. Nikamkumbusha kwamba lile faili la monitors.xml linashika kampuni, modeli na namba ya kila kioo, kwa hiyo siku wakibadilisha TV ya mkutano, anakili upya.