Mwekezaji si kila mwenye pesa klabuni

Mwekezaji wa klabu ni mtu au kampuni inayoingiza mtaji na kupewa hisa. Pasipo hisa hakuna mwekezaji, hata kama mtu huyo amelipa mishahara ya timu nzima msimu mzima na kununua basi juu yake. Maana ni fupi hivyo, na ningeishia hapo kama neno lingetumika lilivyo.

Halitumiki hivyo. Hapa Mtwara, tangu timu yetu ya Ndanda ishuke daraja mwaka 2020 baada ya misimu sita ya Ligi Kuu, kila anayeteremka na gari zuri pale uwanja wa Nangwanda Sijaona anasemwa kuwa ndiye mwekezaji tuliyekuwa tukimsubiri. Mtu akitoa nauli ya timu, na nauli ya kutoka kona hii ya nchi hadi Bukoba si mchezo, kesho yake ni mwekezaji. Mwezi ukipita ni mmiliki. Ukipita wa pili ndiye anayeamua kocha abaki au aende, na mwanachama mwenye kadi, aliyeifuata timu tangu ikiwa madaraja ya chini, hana pa kuuliza. Huyo bwana hakupigiwa kura na hakununua chochote. Tumempa klabu kwa mdomo tu.

Mfadhili anatoa kwa mapenzi yake. Kisheria hana anachodai, na klabu nayo haina inachoweza kumdai. Siku biashara ikiyumba, au vipigo viwili mfululizo vikimkera, anaacha, na hakuna mahakama ya kumpeleka. Wafadhili wanastahili heshima, maana timu nyingi za mikoani zisingevuka hata ligi ya mkoa bila wao. Lakini heshima ni kitu kimoja na mamlaka ni kingine.

Karibu naye yupo mlezi, anayepewa nafasi hiyo kwa ushawishi wake. Kule Ruangwa, Namungo wanacheza Uwanja wa Majaliwa, wenye jina la Kassim Majaliwa, mwanasiasa wa huko aliyeteuliwa kuwa Waziri Mkuu mwaka 2015. Timu hiyo ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2019, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani mwaka uliofuata na kufungwa na Simba 2-1 kule Sumbawanga, kisha ikaingia hatua ya makundi Afrika, watu wazima kabisa walihitimisha kwamba klabu ni ya mwenye jina la uwanja. Jina la uwanja ni jina la uwanja. Mwenye klabu anatafutwa kwenye katiba yake na kwenye hati za usajili.

Anayechanganywa na mwekezaji kuliko wote ni mdhamini, na hapa ndipo ninapoomba tusimame kidogo.

Mdhamini ananunua nafasi ya tangazo: kifua cha jezi, mabango, jina la ligi. Analipa kwa mkataba wenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mwaka 2017 kampuni ya kubashiri ya SportPesa iliingia mikataba ya miaka mitano na Simba na Yanga kwa pamoja. Watani wa jadi wakavaa jina moja kifuani, na hakuna aliyewahi kusema sasa wana mwenye mali mmoja. Siku ile kila shabiki alielewa tofauti bila kufundishwa. Leo kampuni ikiweka nembo kwenye jezi ya timu ndogo, uelewa ule ule unapotea, kisa timu ina njaa.

Mkulima wa Newala au Tandahimba hahitaji somo refu. Anayeshinda mnada wa korosho analipa fedha nyingi na kuondoka na magunia yake. Mikorosho haikuuzwa. Msimu ujao anaweza kurudi, anaweza asirudi, na hana haki ya kuingia shambani kuamuru upi ukatwe. Huyo ndiye mdhamini. Mwekezaji ni yule uliyemuuzia kipande cha shamba.

Mdhamini akienda, pengo linabaki wazi. Msimu wa 2018/19 Ligi Kuu yetu ilichezwa bila mdhamini mkuu, na klabu za mikoani ndizo zilizoumia zaidi, kwa kuwa hazikuwa na mfuko mwingine. Singida United ilipanda mwaka 2017 ikiwa na wadhamini kadhaa kwa mpigo, ikasifiwa kwa utajiri, ikashuka mwaka 2020, mwaka ule ule na Ndanda. Mwishoni mwa 2021 kampuni ya GSM, ambao ni watu wa karibu wa Yanga, walisaini kuidhamini ligi, Simba wakakataa kuvaa nembo yao, na mapema 2022 GSM wakajitoa. Silaumu upande wowote. Ninachosema ni kwamba mkataba wa udhamini unavunjika au unaisha, na aliyesaini anaondoka na haki zake zote, kwa sababu hakuacha kitu chake ndani.

Kuna ugumu mwingine ambao sina budi kuukubali. Klabu zetu zina bodi ya wadhamini, na hao hawatoi hela ya jezi. Ni watu wanaoaminiwa kushika mali za klabu kwa niaba ya wanachama: kiwanja, jengo, hati. Kwa hiyo mtu akisema "wadhamini wameuza jengo" na mwingine akasikia kampuni ya kifuani, ugomvi unaanza bure. Taja bodi unapomaanisha bodi.

Sasa turudi kwa mwekezaji. Serikali iliweka kanuni kwamba klabu iliyoanzishwa na wanachama ikitaka kugeuka kampuni, wanachama wabaki na asilimia 51 na wawekezaji wasizidi 49. Katika safari hiyo ya kugeuka kampuni, Simba walimtangaza Mohammed Dewji kuwa mshindi wa zabuni Desemba 2017, kwa shilingi bilioni 20. Baada ya hapo wanachama waliuliza hadharani, kwa miaka, kama fedha zimewekwa, zimewekwa wapi, na mchakato umekwama kwa nani. Wengine waliona maswali yale kama utovu wa shukrani. Kwangu yalikuwa maswali sahihi kabisa. Hisa zina bei, na bei inaulizwa. Mfadhili huwezi kumuuliza amelipa kiasi gani kati ya kiasi gani, kwa kuwa hakuna bei iliyopangwa. Ukimwita mfadhili mwekezaji unampa cheo chenye haki na kumwondolea maswali yanayoendana nacho.

Mtu mmoja anaweza kuwa mdhamini na mwekezaji pia. Bayern Munich wanavaa Adidas, na Adidas hao hao wana asilimia 8.33 ya hisa za kampuni ya klabu, sawa na Audi na Allianz, huku wanachama wakishika 75. Lakini jezi ina mkataba wake na hisa zina mkataba wake. Mmoja ukiisha, mwingine unabaki.

Mmiliki ni suala jingine tena. Azam FC ina mwenyewe tangu kuzaliwa, ni timu ya kundi la makampuni ya Bakhresa, na hakuna mwanachama wa kulalamika kuporwa. Wanaotamani hali hiyo kwa Ndanda wanasema, "Bora apatikane tajiri mmoja, tupumzike." Hapo naomba wakumbuke timu wanazozitazama kwenye mabanda kila Jumamosi. Familia ya Glazer iliinunua Manchester United mwaka 2005 kwa sehemu kubwa ya fedha za mkopo, na deni likawekwa juu ya klabu yenyewe. Roman Abramovich aliipa Chelsea takriban pauni bilioni 1.5 kuanzia 2003, na mashabiki wengi waliziona kama zawadi. Kwenye vitabu ulikuwa mkopo. Alipotangaza kuiuza mwaka 2022, siku chache kabla ya kuwekewa vikwazo, alisema kwamba hatadai. Angeweza kudai.

Kwa hiyo kuna swali ambalo hata wanaojua majina yote haya wanalisahau: fedha hizi ni hisa, ni tangazo, ni zawadi au ni mkopo? Kwa klabu zetu mkopo ndio wa hatari zaidi, kwa sababu mara nyingi huingia ukiitwa msaada. Mtu analipa ada za usajili na posho za kambi, anashangiliwa, kisha siku anapogombana na uongozi anatoa karatasi inayosema anaidai klabu. Mkutano mkuu haukuidhinisha, mhasibu hakuandika, na hakuna wa kukanusha.

Najua presha ya wenzangu. Timu ikikosa hela ya maji ya kunywa mazoezini, mjadala wa majina unaonekana anasa, na anayeuliza anaambiwa anafukuza riziki. Mimi simfukuzi mtu. Akitokea bwana wa kutoa nauli ya Ndanda kesho, apokelewe kwa mikono miwili na jina lake lisomwe mkutanoni. Ila mtu akisimama kijiweni na kusema tumepata mwekezaji, aulizwe kwa upole: amenunua asilimia ngapi, kwa shilingi ngapi, na mkutano gani wa wanachama ulikubali? Akiwa na majibu, sawa, ni mwekezaji. Asipokuwa nayo, huyo ni mfadhili. Tumwite hivyo, na tumshukuru hivyo hivyo.