Namba moja kutoka chini: dhana potofu kuhusu kujinenea mema kazini

Mwaka wangu wa kwanza kuuza bima nilibandika karatasi kwenye kioo cha kabati kwa selotepu: MIMI NI NAMBA MOJA KWA MAUZO. Niliisoma kila asubuhi nikipiga mswaki, povu mdomoni, kabla ya kukimbilia basi la mwendokasi pale Kimara, Dar es Salaam. Ofisini kulikuwa na ubao wenye mauzo ya kila mmoja wetu, na jina langu lilikuwa la pili kutoka chini. Aliyekuwa chini yangu alikuwa likizo ya uzazi.

Karatasi ile ilidumu kama wiki sita. Asubuhi moja nikajikuta naimalizia mwenyewe: namba moja, kutoka chini. Nikaibandua.

Tangu hapo nimekuwa na sikio la jambo hili la kujisemea maneno mazuri ili yatimie. Nawasikia watu wa maofisi ya Posta wakiliita kauli chanya, vijana wa mauzo Kariakoo wakiliita kujinenea, na karibu wote tunarithishana mambo yaleyale, mengine si kweli hata kidogo. Nikaanza kutafuta waliolipima.

"Ukilirudia sana, moyo utaliamini"

Hii ndiyo mama wa dhana zote, na ndiyo iliyoniweka mbele ya kioo. Inatuingia kirahisi kwa sababu tumekua na maneno ya namna hiyo: maneno huumba, usijinenee mabaya. Lakini mwaka 2009 mwanasaikolojia Joanne Wood na wenzake, huko Kanada, walichapisha matokeo ya kuipima. Waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu dakika nne za kuandika mawazo na hisia zao. Kila baada ya sekunde 15 kengele ililia, na baadhi yao walitakiwa kila ikilia wajiambie, "Mimi ni mtu wa kupendwa." Wale ambao tangu mwanzo walijithamini walijisikia vizuri kidogo zaidi. Wale waliojiona duni, yaani hasa wenye shida na dawa hiyo, walijisikia vibaya kuliko wenzao wa hali ileile ambao hawakujiambia kitu.

Kwa nini? Kiswahili kina neno lake: nafsi inakusuta. Ukijitamkia jambo lililo mbali mno na unavyojijua, kichwa hakinyamazi. Kinaanza kuleta ushahidi: yule mteja aliyekukatia simu, ile ripoti uliyorudishiwa mara mbili, ule ubao. Mtaani kwetu mtu akisutwa, wanawake humletea matarumbeta mpaka mlangoni, na kila jirani anatoka kuangalia. Mimi nilikuwa nasutwa kimyakimya na mswaki mkononi, siku kwa siku, na karatasi nimeiandika mwenyewe.

Kwa hiyo swali si umelirudia mara ngapi. Swali ni je, ukilisema, kuna sauti inayokubishia? "Mimi ni namba moja" ilibishiwa papo hapo. "Jana nimeongea na mwenye duka mgumu na sikuondoka hadi aliponiuliza bei" haikuwa na wa kuibishia, kwa sababu ilitokea. Mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyeandika mwaka 1977 kuhusu imani ya mtu kwamba jambo fulani analiweza, alitaja vyanzo vinne vya imani hiyo. Chenye nguvu kuliko vyote ni kuwa umeshalifanya. Kinachofuata ni kumwona mtu kama wewe akilifanya. Kutiwa moyo kwa maneno kumo, ila si kwenye kiti cha mbele. Cha nne ni namna mwili wako unavyojisikia wakati huo.

Ndiyo maana siku hizi daftari langu lina ukurasa wa mambo niliyokwisha kuyafanya. Hauna maneno makubwa. Kuna mstari unasema tu: "Nimepanda ghorofa nne Mtaa wa Kongo, lifti mbovu, nikauza."

"Haya mambo yameletwa na mitandao"

Mfamasia mmoja wa Ufaransa, Émile Coué, alikuwa akiwafundisha watu wa mji wa Nancy zaidi ya miaka 100 iliyopita wajiambie asubuhi na usiku kwamba kila siku, kwa kila hali, wanazidi kuwa afadhali. Mara 20, kwa sauti ya chini, na ili hesabu isipotee aliwapa kamba yenye mafundo 20, wayapitishe vidoleni kama mtu anayevuta uradi. Alifariki mwaka 1926, kabla hata ya televisheni kuingia majumbani. Mimi namwona mwerevu kuliko wengi wa leo kwa jambo moja: hakumwambia mtu aseme "nimepona". Alimwambia aseme anazidi kuwa afadhali. Hiyo hata nafsi yenye mdomo inapata shida kuisuta.

"Ni kujisifu tu"

Wanaodharau kauli chanya husema hivi, na wanaozipenda nao wanaamini hivyohivyo, ila wao wanaona ni jambo zuri. Mwaka 1988 Claude Steele, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza kitu tofauti kabisa. Mtu akitikiswa mahali pamoja, husimama imara akikumbuka kitu kingine anachokithamini kwa dhati. Majaribio mengi yaliyojengwa juu ya wazo lake hayamwambii mtu ajisifu. Humpa orodha ya mambo, kama familia, imani, urafiki, ubunifu, achague moja lililo muhimu kwake kisha aandike kwa nini.

Kuna dada tuliyefanya naye kazi mapokezi. Siku atakayokaa na bosi kwa tathmini ya mwaka, huwa anawahi, anakunywa chai yake kwa mama ntilie nyuma ya jengo na kuandika kwenye simu habari za wadogo zake watatu anaowasomesha. Hataji cheo wala mauzo. Nilimuuliza inamsaidia nini. Akasema, "Nikiingia mle ndani, mimi si karani tu."

Hajawahi kumsikia Steele.

"Jione umeshafika, nawe utafika"

Hii inawaumiza zaidi vijana waliomaliza chuo na wanazunguka na bahasha za vyeti, ndiyo maana nataka kuisema taratibu. Mwanasaikolojia Gabriele Oettingen na mwenzake, Ujerumani, waliwafuatilia wahitimu wa chuo kikuu kwa miaka miwili, wakachapisha mwaka 2002. Waliokuwa wakiota sana ndoto tamu za kupata kazi, kiti kinazunguka na kiyoyozi kinavuma, walituma maombi machache, walipata nafasi chache na walilipwa kidogo kuliko wenzao. Waliofanya vizuri ni wenye matarajio, yaani waliokadiria kwamba uwezekano wa kupata ni mkubwa.

Ndoto na matarajio havifanani. Ndoto inakupa raha ya kufika bila nauli, na mwili ukisharidhika hauoni haja ya kuamka saa kumi na moja. Oettingen hakusema watu wasiote. Ushauri wake ni kwamba ukishaona unachokitaka, palepale utazame kinachokuzuia ndani yako. Mimi nilitaka mauzo. Kilichonizuia hakikuwa ukosefu wa kujiamini kwa jumla jumla. Nilikuwa naogopa kurudi kwa mtu aliyeshanikatalia mara moja, basi. Karatasi ya kwenye kioo haikuwa na neno hata moja kuhusu hilo.

"Kabla ya usaili, jiambie umetulia"

Jaribu uone. Moyo unadunda, viganja vina jasho, na wewe unauambia mwili umetulia. Unacheka mwenyewe. Alison Wood Brooks wa Harvard alionyesha mwaka 2014 kwamba watu walioelekezwa kuuchukulia woga wao kama msisimko walihutubia na kufanya hesabu vizuri kuliko walioambiwa watulie. Woga na hamu vina mapigo yaleyale ya moyo, kwa hiyo ni rahisi kuubadilisha jina kuliko kuuzima. "Nina hamu na usaili huu" inapita pale ambapo "sina wasiwasi" inakwama.

Mwaka huohuo Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walionyesha kwamba anayejisemesha kwa kujiita jina, badala ya "mimi", huumudu vizuri zaidi msongo wa kuzungumza mbele ya watu. Bibi yangu alifanya hivyo maisha yake yote, hasa akitafuta ufunguo.

"Siku 21 zinatosha kujenga mazoea"

Hazina msingi. Chanzo chake ni daktari wa upasuaji wa sura, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuzoea sura mpya. Neno "angalau" likapotea njiani. Phillippa Lally na wenzake, London, walipowafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea mazoea madogo ya kila siku, wastani ulikuwa siku 66, na kati ya mtu na mtu ilikuwa kuanzia siku 18 hadi 254.

"Umekosa tageti kwa sababu hujinenei"

Hapa sina uungwana. Tulikuwa tunasimamishwa duara kila asubuhi, tunapiga makofi na kupaza sauti kwamba sisi ni washindi, wakati mshahara wa mwezi uliopita haujaingia. Aliyelalamika aliambiwa ana fikra hasi. Bosi hakuwa mtu mbaya, nadhani naye alikuwa anajipa moyo. Lakini njaa haina fikra.

Kauli ya kujipa moyo ni ya kukusaidia na kile kilicho mikononi mwako. Mshahara uliocheleweshwa haumo. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki, na migogoro ya kazi inapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30 za kufungua shauri. Madai mengine ni siku 60. Wapo ambao kibarua kimeota nyasi na siku hizo zikawapita wakiwa bado wanajiambia kila kitu kitakuwa sawa.

"Basi maneno hayana kazi"

Yanayo, yakipewa kazi. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kuhusu mipango ya aina moja nyepesi sana: hali fulani ikitokea, nitafanya kitu fulani. Watu wanaopanga hivyo hutekeleza zaidi kuliko wanaoishia kutia nia. Sisi kwenye Kiswahili tumepewa -ki- ya bure kwa ajili hiyo. Mteja akisema bei kubwa, nitamuuliza duka likifungwa wiki moja anapoteza kiasi gani. Akinitajia jinsi soko kuu la Kariakoo lilivyoungua Julai 2021, nitanyamaza nimsikilize hadi amalize. Akisema rudi kesho, nitauliza saa ngapi.

Huu wa mwisho niliuandika kwenye simu, ndani ya mwendokasi, kabla hatujafika Gerezani. Siku hiyohiyo mzee mmoja muuza vitenge Mtaa wa Kongo, aliyekuwa amenikatalia tangu Pasaka, akaniambia bila kuinua kichwa, "Rudi kesho, binti yangu."

"Sawa, mzee wangu. Kesho saa ngapi?"

Akavua miwani, akaniangalia. "Saa nne."

Kesho yake saa nne nikafika. Stuli yake ilikuwa tupu, na kijana wake alikuwa anakunja vitenge.

"Mzee kaenda msibani Kigamboni, dada," akasema. "Ila kaacha neno, ukija nikupe kiti."