Je, wajua kwa nini mtaalamu wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, huuliza "limetoka wapi?" kabla ya kulitazama jiwe lako?

Mafundi waliokuwa wakichimba shimo la choo kwa jirani yangu, upande wa Nala hapa Dodoma, walitoa jiwe jeupe la mviringo, kubwa kama embe dodo. Upande mmoja lilikuwa na vitundu vidogo vidogo, kama mfupa uliochemshwa supu ukaisha. Kufikia jioni lilikuwa limeshapewa majina matatu: yai la dinosaria, goti la tembo, na fuvu la mtoto wa kale. Kesho yake jirani alilifunga kwenye kanga, akalipeleka kwa mtu anayemfahamu aliyesomea jiolojia. Yule bwana hata kanga hakuifungua. Aliuliza, "Limetoka wapi? Mlikuwa mmefika kina gani?"

Jirani alirudi ameudhika. Alikwenda kutafuta jina, akakutana na maswali. Nilimwelewa, maana kila anayeokota kitu cha ajabu hutamani kuambiwa papo hapo ni nini. Lakini swali lile halikuwa la kumkwepa. Mahali jiwe lilipotoka ni nusu ya jibu, na kwa Dodoma mara nyingi ndilo jibu lenyewe.

Ili mnyama awe kisukuku ni lazima afukiwe haraka. Akibaki juu ya ardhi, fisi, siafu, jua na mvua humaliza kila kitu. Akizama kwenye tope la ziwa, au akifunikwa na mchanga wa mto au jivu la volkeno, mifupa yake hupata nafasi. Maji yanayopita ardhini hubeba madini kama silika na chokaa, yakaingia kwenye vitundu vya mfupa na kuvijaza taratibu, mpaka mfupa unakuwa jiwe lenye umbo lile lile la mfupa. Kwa hiyo visukuku hutafutwa kwenye miamba ya mashapo, ile iliyojengeka kwa tope, mchanga au jivu, tabaka juu ya tabaka.

Sasa tazama vilima vinavyouzunguka mji wa Dodoma, yale majabali makubwa ambayo watu hukaa chini yake wakiponda kokoto. Hayo ni matale, yaani graniti. Yalitokana na mwamba ulioyeyuka chini kabisa ya ardhi, ukapoa polepole, na umri wake unapita miaka bilioni 2.5. Wanyama wenye mifupa walikuja kutokea duniani baada ya hapo kwa karibu miaka bilioni mbili. Hakuna samaki wala mjusi anayeweza kukutwa ndani ya jabali la aina hiyo, hata umbo linaloonekana lifanane naye kiasi gani. Ukielekea Mpwapwa utakuta miamba geu, iliyochomwa na kukandamizwa ikiwa chini sana. Huko Winza zilipatikana rubi zilizowavuta watu wengi kuanzia mwaka 2007. Joto na mgandamizo wa namna hiyo huzaa vito, lakini umbo lolote la kiumbe lililokuwamo hufutika.

Basi yale mawe yanayofanana na mifupa na majani ni nini? Mengi ni chokaa. Katika nchi kavu kama yetu, kuanzia Bahi hadi Manyoni, maji ya ardhini hupanda na kukauka, yakaacha chokaa ikigandamana mabongemabonge. Bonge huweza kuwa na umbo la yai, la kidole au la kiungo cha goti. Chokaa pia huzunguka mizizi ya miti, na mzizi ukioza hubaki mrija unaofanana na mfupa wa mguu. Ukiona kitu kama jani la mkangaga, jeusi na lenye matawi mengi, limechorwa juu ya ufa wa jiwe, kwa kawaida ni madini ya manganizi yaliyoingia na maji yakatambaa ndani ya ufa. Ni mapambo mazuri sana, lakini halikuwa jani hata siku moja.

Kuna watu wa kazi ya porini ambao huligusisha jiwe kwenye ncha ya ulimi. Mfupa wa kale wenye vitundu hunyonya mate na kung'ang'ania. Kipimo hicho kina ukweli wake, ila hapa kwetu kitakudanganya, kwa sababu chokaa ya Bahi na udongo wa mfinyanzi navyo hung'ang'ania. Ni afadhali uvunje kokoto nyingine ya pale pale (si ile unayoithamini) ulinganishe. Mfupa una ganda gumu nje, na ndani mtandao kama sifongo au mkate. Bonge la chokaa ni lile lile nje na ndani. Jiwe la jirani yangu lilitoka mita mbili chini, juu tu ya graniti iliyooza, na lilikuwa chokaa. Yule bwana alilijua kabla ya kanga kufunguliwa.

Usije ukadhani kwamba katikati ya Tanzania hakuna visukuku. Vipo, na ni vya ajabu. Magharibi mwa mji wa Singida kuna mahali panapoitwa Mahenge. Zamani sana volkeno ya kimbalaiti, mwamba wa aina ile ile unaobeba almasi kule Mwadui, ililipuka pale na kuacha shimo lenye kingo za mwinuko. Shimo likajaa maji likawa ziwa dogo lenye kina. Chini ya ziwa hewa ilikuwa haba, wala hapakuwa na viumbe wengi wa kula mizoga, na tope laini likatulia kidogo kidogo kama kurasa za kitabu. Samaki aliyekufa alilala kati ya kurasa mbili, na miiba yake yote ikabaki mahali pake.

Umri wa ziwa hilo umepimwa kwa chembe za madini yaitwayo zirkoni. Ndani ya chembe hizo urani hugeuka kuwa madini ya risasi kwa mwendo unaojulikana, na hesabu ikatoa karibu miaka milioni 46. Katika tope lile wamepatikana samaki wa ukoo wa sato na perege, walioitwa Mahengechromis, ambao ni miongoni mwa wakongwe kabisa wa ukoo huo wanaojulikana duniani. Ninapomwona perege sokoni Majengo huwa nafikiri juu ya hilo. Amepatikana pia chura wa majini, na popo aliyeelezwa na wanasayansi mwaka 2003 kwa jina la Tanzanycteris. Sehemu ya ndani ya sikio la popo huyo ni kubwa, na hiyo ni dalili kwamba alikuwa tayari akisaka wadudu gizani kwa mwangwi wa sauti yake.

Na hapa swali la "wapi" linazidi kuwa na uzito, kwa sababu Tanzania ina Mahenge nyingine mkoani Morogoro, mashuhuri kwa marumaru na vito vya spineli. Mwamba wa kule ulipikwa na joto la chini ya ardhi. Ukimpelekea mtaalamu picha ya jiwe na kuandika "Mahenge" peke yake, umempa majibu mawili yanayopingana. Andika mkoa, wilaya, kijiji, kitongoji na jina la korongo. Simu nyingi siku hizi hutoa nambari za ramani, ziandike nazo. Eleza kama jiwe lilikuwa limelala juu tu au limeshikwa na tabaka, kwa sababu lililolala juu huenda limeletwa na mafuriko kutoka mbali. Piga picha kabla hujaling'oa, uweke sarafu ya shilingi mia kando yake ili ukubwa uonekane, kisha upige pande zote kwenye mwanga wa asubuhi au jioni, kwani jua la saa sita hufuta mikunjo. Usilisugue kwa brashi ya chuma, usilipake vanishi, wala usiliunge kwa gundi.

Na kama mwamba ni wa tabaka na ndani kuna kitu, acha kuchimba. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavihesabu visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo na vya mimea kuwa mali inayolindwa. Kuchimba kunahitaji kibali, kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali, na aliyegundua anatakiwa kutoa taarifa. Kwa mkazi wa Dodoma safari si ndefu. Makao makuu ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini yapo hapa hapa mjini, pamoja na makumbusho yake ya mawe, na Chuo Kikuu cha Dodoma kina wasomi wa mambo ya kale. Aliye mbali aanze na ofisi ya mtendaji wa kijiji, kisha afisa utamaduni wa wilaya.

Atakayebahatika asishangae kulikuta jina la kwao kwenye kitu alichookota, kwa sababu wanasayansi wenyewe hupenda kuita viumbe vya kale kwa mahali vilipolala. Dinosaria aliyepatikana kando ya mto Mtuka, kusini-magharibi mwa nchi, ametangazwa mwaka 2019 kwa Kiswahili kitupu: Mnyamawamtuka moyowamkia, kwa kuwa pingili za mkia wake zina umbo la moyo. Chura wa Mahenge ni Singidella. Na kuna samaki mmoja wa ziwa lile la kale ambaye jina lake la kwanza, popote duniani anapotajwa, ni Singida.