Ekzosi ikipiga kelele, honda haijaongezeka nguvu

Kuna imani ya siku nyingi hapa Pemba: ukitoboa ekzosi, au ukaing'oa ile bomba ya ndani yenye vitundu, honda (yaani pikipiki yoyote) "inapumua" na kukimbia zaidi. Sikio linadanganyika kirahisi.

Hebu tupige hesabu. Injini ya sisi (cc) 125 hutoa takriban wati 7,000 mpaka 8,000. Kelele ya kuamsha mtaa mzima ni wati moja hivi, pengine chache. Kelele hizo hazisukumi tairi.

Ni kweli pikipiki za mashindano zina ekzosi nyepesi yenye sauti kubwa. Lakini urefu na upana wa bomba lake umepimwa uendane na injini, na kabureta, inayochanganya petroli na hewa, ikarekebishwa. Fundi wa kwetu na tindo yake hapimi kitu. Moshi ukitoka ovyo, mara nyingi injini hupungukiwa nguvu inapozunguka polepole, pale hasa unapoihitaji. Jaribu kupanda mlima kutoka bandarini Mkoani na gunia la karafuu nyuma: utashusha gia mapema kuliko zamani, huku kelele zimejaa njia nzima.

Na ile "pa! pa!" ukiachia mafuta, wanayoshangilia vijana? Ni petroli isiyoungua silindani, inaungulia kwenye bomba. Umeilipia hiyo.

Ikiwa honda imekuwa nzito, tazama kwanza chujio la hewa, plagi na mnyororo. Chujio lililojaa vumbi jekundu la Pemba nimeliona mara nyingi, huku ekzosi ndiyo inayolaumiwa.