Dawa za Kisukari na Tumbo Kabla ya Upasuaji: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Aliyefunga tangu usiku tumbo lake ni tupu.

Ukweli: Kanuni ya kutokula chakula chepesi kwa saa 6 kabla ya nusukaputi, na kutokunywa hata maji kwa saa 2, imejengwa juu ya tumbo linalosukuma chakula kwa mwendo wa kawaida. Semaglutaidi, ambayo wengi huijua kwa jina la Ozempic, na tirzepataidi, dawa za kisukari za sindano ya kila wiki ambazo pia hutumiwa kupunguza uzito, huupunguza mwendo huo, hivyo mtu aliyefunga kwa uaminifu anaweza kupandishwa kitandani akiwa bado na mabaki ya chakula. Nusukaputi ikishamlaza, koo halijilindi tena. Kilichomo tumboni kikipanda, humpalia mgonjwa asiyeweza kukohoa na kuingia mapafuni.

Dhana: Basi aruke sindano ya wiki hiyo.

Ukweli: Wiki moja baada ya sindano, takriban nusu ya semaglutaidi ingali mwilini. Tena sukari ikipanda kwa kukosa dawa, yenyewe hulichelewesha tumbo, jambo ambalo husahaulika mno. Mwaka 2023 chama cha madaktari wa nusukaputi cha Marekani kilishauri sindano ya kila wiki isitishwe wiki moja kabla. Mwaka 2024, pamoja na vyama vingine, kikasema wengi wanaweza kuendelea nayo. Anayehitaji tahadhari zaidi ni yule ambaye dozi yake ingali inapandishwa au ni kubwa, au mwenye kichefuchefu, kutapika na tumbo kujaa. Huyo huweza kuagizwa vyakula vya majimaji pekee kwa saa 24, na tumbo lake kupimwa kwa ultrasaundi kabla ya kupewa nusukaputi.

Dhana: Dawa zote za kisukari ni namna moja.

Ukweli: Metfomini, kidonge cha kisukari, hailicheleweshi tumbo kwa kiasi hicho. Empagliflozini, kidonge kingine cha kisukari, husitishwa siku 3 kabla ya upasuaji, lakini kwa kuhofia asidi kujaa katika damu, hata kipimo cha sukari kikiwa cha kawaida.

Dhana: Asiye na kisukari hayamhusu haya.

Ukweli: Anayejidunga ili apunguze uzito akiulizwa, “Unatumia dawa za kisukari?” hujibu hapana, na kwa haki kabisa. Ni salama zaidi aitaje dawa kwa jina, kiasi anachojidunga, siku ya sindano ya mwisho, na kama asubuhi hiyo ameamka na kichefuchefu.